Kasi Hufundishwa Mtoto Akiwa Hajachoka

Kocha mwenzangu unayeanza kunoa watoto, kabla hujapanga ratiba nikuulize: wiki hii wataogelea kwa kasi yao yote mara ngapi? Siulizi kuhusu bidii, nauliza kasi yote waliyo nayo. Nilipoanza kazi hii, jibu langu lingekuwa sifuri, nami sikujua. Niliwapa mita 100 mara kumi, wakipumzika sekunde 15 tu, kisha mwishoni wakiwa hoi ndipo ninapopaza sauti: "Haya sasa, mbio!" Walijitahidi, maskini, lakini walichokuwa wakizoea ni kuogelea taratibu huku wakihema.

Nguvu ambayo msuli huitumia katika mbio za kasi kamili hupungua sana baada ya sekunde 10 hivi, na huhitaji dakika kadhaa ili irudi. Siku hizi, wakishapasha miili moto tu, nawapa mita 10 hadi 15, mara sita au nane, na kila baada ya mbio wanapumzika dakika moja na nusu hadi mbili. Mzazi aliyekaa pembeni ataona watoto wamesimama ukutani wakipiga soga, atadhani unawachezea. Usiyumbe. Saa ikianza kuonyesha kwamba wanapungua kasi, simamisha zoezi hata kama mbio mbili zimebaki.

Kasi yenyewe ni hesabu ya vitu viwili: umbali ambao kila pigo la mkono linamsogeza mtoto, na wingi wa mikono anayopiga kwa dakika. Watoto wengi hukimbilia cha pili na kukipoteza cha kwanza. Niliwahi kuwa na binti wa miaka 11 ambaye nikitamka "kasi", mikono yake inageuka feni. Akiogelea kawaida alipiga mikono 20 kwa mita 25. Akikimbia alifika 28, na bado hakuokoa hata sekunde moja. Nikachuchumaa ukingoni nimtazame vizuri chini ya maji: kiwiko kilikuwa kinatangulia kushuka, na kiganja kinapita majini kama kisu. Alikuwa hashiki maji. Kwa wiki tatu nilimwogelesha akiwa amekunja ngumi, mita chache tu, kisha afungue viganja bila kusimama. Siku moja aliibuka akaniambia, "Kocha, leo maji mazito!" Nilifurahi mno, maana alikuwa ameyapata. Baada ya hapo ndipo tukaongeza wingi wa mikono, kidogo kidogo, huku nikihesabu.

Usisahau ukuta. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na mwili ukienda kasi maradufu, ukinzani wa maji hukua kama mara nne. Mtoto akijirusha au akijisukuma ukutani, hapo ndipo anapokwenda kasi kuliko mahali pengine popote, na wengi wanaipoteza kasi hiyo kwa kuinua kichwa. Kiganja juu ya kiganja, masikio katikati ya mikono, tumbo limekazwa. Sheria inamruhusu kukaa chini ya maji hadi mita 15 katika mtindo huru, wa chali na wa kipepeo, lakini kwa mdogo mita 5 zilizonyooka zinatosha kabisa. Na hapa naomba unisikilize sana: usiwashindanishe kamwe kubana pumzi. Mtoto anaweza kuzimia kimyakimya chini ya maji, ukadhani bado anacheza. Vilevile, hakikisha kina cha bwawa kabla hujamruhusu yeyote kuruka kichwa mbele.

Mashindano nayo ni sehemu ya mafunzo. Mazoezini ni vigumu kumpa mtoto kile anachopewa na mpinzani aliye njia ya pili. Waandikishe mita 50 za mitindo yote, si ule wanaoupenda tu, na uwape mbio za kupokezana kila nafasi inapopatikana, kwa sababu hata mtoto mwoga hujitoa akijua wenzake wanamsubiri. Mazoezini wazoeshe kutulia tuli wakisubiri ishara, kwani anayeondoka mapema huondolewa mbioni.

Jihadhari na jedwali la washindi. Akiwa na miaka 12, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyebalehe mapema, na mwembamba aliyeshika nafasi ya mwisho huenda akawa ndiye anayepiga mkono vizuri kuliko wote. Mimi hulinganisha muda wa mtoto na wake mwenyewe wa miezi mitatu nyuma.

Akitoka majini, usimtajie muda mara moja. Mpe taulo, mwache apumue, kisha muulize mbio zilikwendaje. Akikuambia "niliinua kichwa nilipogeuka", andika hilo kwenye daftari lako. Ndilo zoezi la kwanza la siku mtakaporudi bwawani.