Fidia baada ya kampuni kuvujisha taarifa zako
Pole sana, ndugu. Umeeleza kwamba kampuni iliyokukopesha hapo Nairobi imevujisha nambari zako za kitambulisho na simu, na sasa matapeli wanakupigia hadi usiku. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakupa haki ya kufidiwa, si kwa hasara ya fedha tu, bali hata kwa mahangaiko.

Yaliponipata mimi, kilichonifaa ni daftari lenye tarehe na saa ya kila simu, pamoja na jumbe ambazo sikuzifuta. Iandikie kampuni ukidai maelezo, kisha wasilisha malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayetakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Ukiibiwa fedha, arifu benki na polisi siku hiyo hiyo. Na kabla ya kutia saini hati yoyote ya suluhu, mwone wakili.