Maswali ya Wasomaji: Ndege ya rimoti iliyolala darini

Ndugu Mhariri, salaam. Nimerithi kwa baba mdogo ndege ya mfano aina ya Super 60 ya Keil Kraft, yenye injini ya methanoli ya cc 6.5 na rimoti ya 27 MHz. Imekaa darini tangu 1986. Propela haizunguki hata kidogo. Nianzie wapi, na je, rimoti ile ile itafaa?
— Msomaji, Leicester, Uingereza

Ndugu msomaji, injini inakuvuta macho, lakini anza na betri. Betri za nikeli-kadimiamu za zamani huvuja, na ule ulikaji hautulii ndani ya betri. Unatambaa ndani ya waya mweusi, ule wa hasi, unafika kwenye swichi, kisha unaingia hadi kwenye risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Kwa nje waya unaonekana mzima. Menya sentimita moja ya ganda lake utazame: shaba nzima inang'aa, iliyolika ni nyeusi, inakatika kama kijiti kikavu na haishiki risasi ya kulehemu. Ukikuta hivyo, toa betri, swichi na nyaya zake zote. Usijaribu kuokoa kipande. Waya huo unaweza kupitisha umeme vizuri mezani, halafu ukakatika kwa mtikisiko wa injini ndege ikiwa juu. Betri yenyewe ipeleke panapokusanywa betri chakavu, maana kadimiamu ni sumu.

Rimoti ya 27 MHz iweke kama kumbukumbu ya baba mdogo. Masafa hayo yanatumiwa pia na vitu vya kuchezea na redio za madereva, na kapasita za miaka hiyo zimeshakauka. Nunua rimoti ya 2.4 GHz yenye chaneli nne au zaidi pamoja na risiva yake. Ikiwa Super 60 yako haina eleroni (vibao vya bawani vya kulaza ndege upande), kama ilivyochorwa awali, sevo tatu, yaani vimota vya kusogeza viungo, za ukubwa wa kawaida zinatosha: ya usukani, ya eleveta (kibao cha mkiani cha kupanda na kushuka) na ya kabureta. Sevo za zamani zenye nyaya nne hazipatani na risiva za leo. Betri iwe ya nikeli-haidridi (NiMH), seli nne, volti 4.8, mAh 2000. Risiva ikiwa na antena mbili, zilaze zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90.

Sasa injini. Kilichoigandisha kwa kawaida si kutu, ni mafuta ya nyonyo. Mafuta ya injini hizi yalichanganywa na nyonyo hadi asilimia 20, na nyonyo ikikaa miaka hugeuka gundi ya rangi ya asali. Usiilazimishe propela, usishike krenki kwa koleo, na usisukume pistoni kwa bisibisi kupitia tundu la kutolea moshi. Ukifanya hivyo utapinda konrodi, ile fito inayounganisha pistoni na krenki, au utachubua silinda, na hapo hakuna tiba ya bei ndogo.

Fungua plagi, kabureta na kifuniko cha nyuma. Dondoshea methanoli ndani, acha saa chache hadi ikauke kabisa, maana inashika moto upesi na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Ndipo upashe silinda kwa mashine ya hewa ya moto mpaka usiweze kuigusa, uvae glovu nene, na ujaribu propela kwa mkono, ukiiyumbisha mbele na nyuma kidogo kidogo. Mara nyingi inaachia. Isipoachia, toa vipande vyote vya mpira na plastiki, izamishe injini katika maji ya rejeta yenye ethilini glikoli ndani ya sufuria ya umeme ya kupikia polepole, moto mdogo, kwa muda wa saa sita au hata usiku kucha. Fanya kazi hiyo nje ya nyumba, mbali na watoto na paka, kwa kuwa maji hayo ni sumu na yana ladha tamu. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena.

Ikishalegea, ioshe, tia mafuta mepesi, kisha izungushe taratibu ukisikiliza. Ikikwaruza kama yenye mchanga, beringi zimeshika kutu, kwa sababu methanoli inavuta unyevu wa hewani. Pasha kasha tupu hadi nyuzi 150 hivi, ligonge juu ya ubao, na beringi ya nyuma itadondoka yenyewe. Pima kwa milimita kipenyo cha ndani, cha nje na unene, ukanunue kwa vipimo hivyo kwenye duka la beringi. Si lazima utafute ya kampuni ya injini.

Tenki la plastiki linaweza kubaki likiwa halina ufa, lakini mirija yake yote weka mipya ya silikoni, hasa ule wa ndani wenye kizito mwishoni. Ule wa zamani hukakamaa, na ndege ikiinamisha pua kizito hakifuati mafuta, injini inazima.

Jambo la mwisho kwako: kwa uzito wa ndege hii, jisajili kwanza kwa CAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, upate Operator ID (namba ya mwendeshaji), na namba hiyo uibandike kwenye bodi.

Mhariri, ubao unaoshika injini umelowa mafuta na unacheza. Nimegundisha kwa epoksi mara mbili, mara mbili umeachia. Kosa liko wapi?
— Msomaji, Muscat

Epoksi haishiki mti wenye mafuta, hata ungemimina kopo zima. Ng'oa ubao wote. Paka eneo lililolowa unga laini wa wanga au poda ya watoto, pasha kwa draya ya nywele, mafuta yatapanda na kunywewa na unga. Kwangua, rudia. Mara tatu ni kawaida, mara sita si ajabu. Malizia kwa kitambaa chenye asetoni, acha siku nzima pakauke. Balsa iliyogeuka nyeusi na laini kama mkate uliolowa haiponi. Ikate hadi ufike kwenye mti mweupe, uunge kipya.

Ubao mpya uwe plaiwudi ya milimita 6. Tumia epoksi ya dakika 30, si ya dakika 5, kwa kuwa inapata muda wa kuzama ndani ya mti. Toboa pande na upigilie vijiti vya meno vyenye epoksi kama misumari, kisha paka uso wote epoksi nyepesi ili mafuta yasipate njia tena. Na kabla hujafungua injini, tazama kama kuna washa (visahani vyenye tundu) kati ya kishikio cha injini na ubao, kwenye skrubu mojamoja. Hazikuwekwa kwa bahati mbaya: zinaelekeza injini kidogo chini na kulia. Andika kila moja ilipokaa.

Bawa langu limejisokota ncha moja, na kitambaa chake cha nailoni kina dopu (rangi ya kukaza kitambaa) iliyokauka. Niivue yote?
— Msomaji, Nairobi

Bonyeza kwa kidole katikati ya mbavu mbili. Ikirudi, ni nzima. Ikipasuka au ikitoa mlio wa karatasi kavu, ivue. Ukiwa hapo shika bawa ncha zote mbili, lipinde kidogo ukisikiliza. Mlio wowote katikati maana yake boriti imeachia gundi, na huwezi kuitibu bila kufungua.

Ncha iliyojisokota: isokote upande wa pili kupita kiasi kidogo, pasha moto, ishikilie hadi ipoe. Ukifunika upya kwa filamu ya plastiki inayobandikwa kwa pasi, shikiza kingo kwa nyuzi 100 hivi, kaza katikati kwa 140 au 150, lakini fuata maelezo ya filamu yako. Filamu ni nyepesi kuliko nailoni na dopu, hivyo mizani ya ndege itabadilika. Ndege isiachwe ndani ya gari juani, filamu italegea na bawa litajisokota upya.

Nitajuaje kitovu cha uzito bila ramani ya ndege?
— Msomaji, Tanga

Kwa ndege ya kujifunzia yenye bawa la juu, anzia asilimia 28 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sm 25 ni sm 7. Tenki liwe tupu, betri iwe mahali pake. Inua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa: ikae sawa au iinamishe pua kidogo sana. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Isipotosha, tia kizito cha risasi puani. Risiva na sevo mpya ni nyepesi kuliko za zamani, kwa hiyo alama ya zamani ya mahali pa betri usiiamini.

Vuta kila bawaba kwa nguvu ya vidole, na inayoteleza ibadilishe. Rababendi za bawa ziwe mpya, kumi hadi kumi na mbili, mbili za mwisho zipishane. Pima rimoti kwa nguvu iliyopunguzwa, hatua 30, kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma na msaidizi ameshikilia ndege kwa nyuma. Sevo ikitetemeka mara moja tu, siku hiyo ndege irudi mezani.