Maneno mageni ya 1984: usiifunge bado

Ndugu yangu, kukwama kurasa za mwanzo za riwaya ya 1984 ya George Orwell kwa sababu ya Ingsoc, Minitrue na telescreen si uzito wa kichwa. Mwandishi amekutupa humo makusudi. Usikimbilie kamusi kila mstari. Soma mbele tu.

Mfano ni hiyo telescreen. Kwanza unasikia sauti ikisoma takwimu za chuma. Halafu unaambiwa hupunguzwa, haizimwi kabisa. Kisha, kumbe nayo inakuona! Hapo unahitaji tafsiri ya nini tena?

Minitrue ni Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kupika habari. Ukizidiwa, nenda mwisho wa kitabu: kuna kiambatisho kizima kuhusu Newspeak, lugha ya watawala wa humo inayozaa maneno haya. Mimi nilikigundua nimeshamaliza, nikacheka peke yangu.