Tabaga ya bibi yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kama umalizie tabaga, ule ungo bapa wa nyasi na ukindu, aliyoiacha marehemu bibi yako au uiache kama ilivyo, na kazi ya sanaa hukamilika lini hasa. Mwalimu wako hapo Makerere anataka itundikwe hivyo hivyo, sindano ikining'inia. Shangazi zako hapa Bombo wanaona aibu watu kuonyeshwa kitu nusu.

Nianze na kosa langu. Mama yako mdogo alipofariki, aliacha tabaga iliyofika upana wa sahani ya wali. Nikajitia fundi. Nyasi zilezile, ukindu uleule, rangi nimechovya mwenyewe. Lakini mkono wangu huvuta sana. Mizunguko mitatu tu, ukingo ukaanza kuinuka. Kufika wa saba, chombo kilichokuwa bapa kimekuwa bakuli. Ukifumba macho ukapitisha kidole, utapajua alipoishia. Ninayo bado. Naweka vitunguu.

Kwa hiyo uliponisimulia habari za Mozart, yule mtunzi wa muziki, sikucheka kama ulivyotaka nicheke. Alifariki Desemba 1791, misa ya wafu aliyoagizwa haijaisha, na sehemu ya malipo ilikuwa imeshaliwa. Mkewe Constanze, mjane mwenye watoto wawili, akatafuta wa kuimalizia ili apate fedha iliyobaki. Mwishowe Süssmayr, msaidizi wake Mozart, ndiye aliyeikamilisha. Wataalamu wanabishana hadi leo ni noti zipi za nani. Mimi nawaza kodi ya nyumba. Yule mama simlaumu hata kidogo.

Na zile sanamu za wafungwa za mchongaji Michelangelo ulizonionyesha kwenye simu, waliokwama ndani ya mawe kule Florence: watu wanaona fumbo kubwa la roho na mwili. Labda. Ila wewe mwenyewe uliniambia zilichongwa kwa ajili ya kaburi la Papa Julius wa Pili, nalo lilipunguzwa ukubwa mara kadhaa. Mimi mwenye kufanya kazi za oda najua maana yake. Oda ikipunguzwa, kazi hubaki kwa fundi.

Sasa jambo ambalo hukulijua. Tabaga ile bibi yako alikuwa ameichukulia malipo ya mwanzo, shilingi elfu ishirini, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akioza binti. Baada ya arobaini nilimpelekea fedha zake. Alikataa, nikaziacha mezani. Ingekuwa yule binti bado anaingoja, ningekuambia kaa chini ushone, hata itoke bakuli. Hakuna anayeingoja.

Utaniambia, mbona ile nyumba ya makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi huendelezwa na mikono mingine? Sawa. Lakini pale kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wanarithishana. Nyasi zikichakaa wanaweka nyingine. Hata baada ya moto wa Machi 2010, waliojenga upya walijua ndani ya paa panatakiwa pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Ramani ya ile nyumba imo vichwani mwa watu wengi. Ya tabaga hii ilikuwa kwenye kichwa kimoja.

Itazame vizuri. Nyekundu imefunga pembe zake zote, nyeusi imezunguka, halafu inaanza zambarau. Nimeihesabu: mishono kumi na mmoja. Alasiri ile alichomeka sindano, akaenda kuswali, na jioni homa ikampata. Zambarau hakuwahi kuitumia kabla, mimi niliyekuwa mkwe wake kwa miaka ishirini na sita nakuambia. Ilikuwa inaelekea wapi? Shangazi yako mkubwa anasema nyota, mdogo anasema ni uzi tu uliokuwa karibu. Ukimalizia, utakuwa umewajibu, na utakuwa umejibu uongo.

Usimalizie. Lakini usiitundike kwa ukingo, nyasi za pembeni hazijafungwa, zitafumuka. Ilaze juu ya meza. Sindano hiyo ni ya kwangu, aliiazima kwangu. Iache humo humo. Na baada ya maonyesho ianike jua la asubuhi, vile vidudu vya ukindu viko hata Kampala.

Mama yako