Akili ikipotea ndani ya wiki chache: familia ijue nini kuhusu CJD

Usahaulifu wa uzeeni huja polepole, kwa miaka. Mtu wa miaka 60 na kitu aliyekuwa akiendesha gari mwenyewe, baada ya wiki chache hautambui mlango wa choo, anapepesuka, na mlango ukibamizwa mwili mzima unaruka: huyo msimwachie uzee, wala msianze kutafuta aliyemroga.

Huenda ni ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, CJD. Protini ya ubongo hujikunja vibaya (ikiwa hivyo huitwa prioni), kisha huzikunja nyingine, mpaka ubongo unatobokatoboka kama sifongo. Kwa mwaka huwapata mtu 1 au 2 katika kila milioni. Hauna dawa, wengi hufariki kabla ya mwaka kwisha, mara nyingi ndani ya miezi 4 hadi 6.

Jina hilo msilikubali kabla ya kupima yanayotibika: kaswende, VVU, upungufu wa vitamini B12, damu iliyovilia ndani ya fuvu, na hasa kinga ya mwili inayoushambulia ubongo. Hili la mwisho hufanana mno na CJD, na wengi hupata nafuu kwa steroidi, dawa za kutuliza kinga. Picha ya kichwa ya CT mara nyingi hutoka safi, mgonjwa akarudishwa na vidonge vya msongo wa mawazo. Ombeni MRI, picha ya ubongo kwa sumaku, yenye picha za aina ya DWI, na maji ya uti wa mgongo yapimwe kwa RT-QuIC, kipimo kinachotafuta prioni, pale kinapopatikana. Majibu yakithibitisha CJD, msiuze shamba kwa safari ya India. Hata huko dawa haipo.

Kumbeba, kumlisha, kumbusu, kulala naye chumba kimoja: hakuambukizi. Hatari iko kwenye ubongo, uti wa mgongo na macho. Kwa hiyo daktari yeyote wa upasuaji aambiwe mapema, maana prioni haifi kwa spiriti, formalini wala kuchemsha. Vifaa vikitumika tena huhitaji saa 1 ndani ya sodiamu haidroksaidi kali, kisha otoklevu, mashine ya mvuke wa moto mkali. Maiti isiyopasuliwa huoshwa na kuvishwa sanda, waoshaji wakivaa glavu.

Kinachoua mara nyingi ni nimonia, chakula kikipotea njia. Mlisheni akiwa amekaa wima, vijiko vidogo vya uji mzito, na abaki wima dakika 30 baada ya kula. Mgeuzeni kila saa 2. Mishtuko ya mwili hupunguzwa na klonazepamu. Redio na vishindo vipungue. Suala la mpira wa kulishia liamueni mapema, kabla hajapoteza kauli.

Takriban wagonjwa 85 katika 100 hawakurithi. Kwa waliorithi jeni yenye kasoro, kila mtoto wao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba jeni hiyo, na kupimwa au kutopimwa ni uamuzi wake mwenyewe, si wa kikao cha ukoo.