Nakunywa methadoni na mtalaka wangu anataka watoto

SWALI: Nina watoto wawili, wa miaka 10 na 6. Nilitumia unga (heroini), sasa ni mwezi wa nne nanywa methadoni, dawa ya kuacha unga, hapa Malindi. Mtalaka wangu amewapeleka kwa mamake, na nimepata samansi ya Mahakama ya Watoto. Nifiche dawa, au niache kwanza? – Mama Wawili

JIBU: Dada, usifiche, na usiache. Methadoni hunywewa mwaka na zaidi. Anayeikata ghafla ili aonekane safi mbele ya hakimu, arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, humrudisha kwenye unga, na mwili hauwezi tena kuhimili kipimo cha zamani. Hapo ndipo watu hufa.

Omba kliniki barua yenye tarehe uliyoanza, dozi, siku ulizofika na majibu ya mkojo. Iseme wazi kuwa methadoni umeandikiwa, maana kuna mawakili watakaoiita unga wa serikali. Nakala mpe afisa wa watoto anayeandika ripoti ya mahakama.

Ushauri wa familia uanze sasa, kesi ikiendelea. Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walijaribu vikao 12 vya mama pamoja na mtoto wa miaka 8 hadi 16. Mama hao walipunguza pombe, bangi na kokeini haraka kuliko waliopewa masomo ya afya tu.

Kikao cha kwanza kaa na mshauri peke yenu, mpange maneno. Huyo wa miaka 10 anajua mengi. Huenda alikuona ukisinzia sufuria ikiungua. Mwambie: "Niliugua kwa unga, nanywa dawa, wewe hukukosa." Basi. Usimwombe msamaha akujibu pale pale. Atakubali kwa kukuonea huruma, kisha wiki ijayo agome kuja.

Bibi yao aitwe baadaye. Vikao vingi huvunjikia hapa: mavyaa anahesabu vyombo vilivyouzwa, nawe unajitetea, watoto wanageuzwa mahakimu. Muombe mshauri awatoe watoto kwanza, deni la vyombo liamuliwe na watu wazima.

Ukipewa saa za kuwaona, ziwe baada ya dozi, usije ukaondoka katikati kukimbilia kliniki. Usiahidi "Ijumaa mtalala kwangu" kabla amri haijaandikwa. Ukiteleza ukatumia unga tena, mwambie nesi siku hiyo hiyo, kabla ya kupimwa. Na siku ya kwanza usiende na baiskeli mpya. Mahamri waliyozoea kula kwako yatatosha.