Barua kwa mwanangu: Benki yenye nguzo nyeupe

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulipita Chestnut Street hapo Philadelphia, ukaliona lile jengo la nguzo za Kiyunani, ukaambiwa lilikuwa benki kuu ya Marekani. Ukaniuliza: ilifungwaje, na huyo Nicholas Biddle alikuwa mwizi au alionewa?

Kazi ya benki aliijua kuliko wote wa zama zake. Alimaliza masomo Princeton akiwa na miaka 15, na mwaka 1823, kabla hajafika 40, akawa mkuu wa Benki ya Pili ya Marekani. Enzi hizo benki za majimbo zilijichapia noti. Wananchi walilipa kodi kwa noti hizo, nazo zikaishia mikononi mwa Biddle, kwa kuwa ndiye aliyetunza fedha za serikali. Naye akizirudisha kwa waliozitoa: nipeni dhahabu au fedha yake. Aliyechapa kupita uwezo wake aliumbuka. Mimi niliyehesabu pesa za watu dirishani miaka yote ile, kwa hilo nampa heko.

Lakini benki yenyewe ilikuwa ya nani? Mtaji wake ulikuwa dola milioni 35, na serikali ilishika sehemu moja tu kati ya tano. Zilizobaki zilikuwa hisa za matajiri, wengine wa ng'ambo. Rais Andrew Jackson, ambaye ujanani aliponea chupuchupu kufilisiwa na hati za deni za mfanyabiashara mmoja, aliona hatari watu wachache kushika mfuko wa nchi nzima bila kuchaguliwa na yeyote. Usimdharau kwa hilo. Hoja alikuwa nayo.

Kibali cha benki kilikuwa kiishe 1836. Biddle akasikiliza ushauri wa Henry Clay, seneta mpinzani wa Jackson, akaomba kipya mapema, mwaka wa uchaguzi. Kongresi ikapitisha, tarehe 10 Julai 1832 Jackson akapiga kura ya turufu. Clay akagombea urais, akaanguka kwa kura 49 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, dhidi ya 219 za Jackson. Mwaka uliofuata Jackson akaamuru fedha za serikali ziwekwe kwingine. Waziri wake wa Fedha, William Duane, alikataa, akafukuzwa.

Sasa sikia alichofanya Biddle. Akabana mikopo. Kiasi fulani hakuwa na budi, maana amana zilikuwa zinamtoka. Lakini alizidisha makusudi, ili serikali ilazimike kumpa kibali kipya. Aliandika kwamba hakuna kitakachoigusa Kongresi ila ushahidi wa mateso ya watu. Wafanyabiashara wakafilisika, vibarua wakakosa kazi, watu wasiomjua Biddle wala Jackson. Hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana, mwanangu. Jackson alikuwa akipiga kelele kwamba benki ile inaweza kuikaba nchi koo, na Biddle mwenyewe akawaonyesha watu kwamba ni kweli.

Kibali kilipokwisha, akaendelea na benki hiyo kwa kibali cha jimbo la Pennsylvania. Ikafilisika 1841. Yeye alikamatwa kwa tuhuma za kula njama dhidi ya wenye hisa, mashtaka yakafutwa, akafariki 1844. Basi mwizi simwiti. Wala kuonewa hakuonewa. Nchi nayo ilitumbukia katika msukosuko wa 1837, benki zikagoma kubadilisha noti kwa dhahabu, na Marekani haikuwa tena na benki kuu hadi 1913.

Siku hizi jengo lile lina picha za watu wao wa kale. Ukipata nafasi ingia ndani, kisha uniandikie umeona nini.

Baba yako,
Tanga